Kutumia lojiki kusoma Biblia ni dhambi? Hapa mtoto kamzidi baba yake miaka miwili

mtafiti_mdogo

Wakuu habari za muda huu. Naomba twende taratibu bila matusi, wa kutoa povu nyuzi zao zipo nyingi tu.

Kwenye fellowship yetu tunasoma Wafalme na Mambo ya Nyakati kwa mfululizo, tukafika kwa Yehoramu mfalme wa Yuda. 2 Nyakati 21:20 inasema alianza kutawala akiwa na miaka 32, akatawala miaka 8, akafa na hakuna hata aliyemsikitikia. Hesabu ya darasa la pili hiyo, 32 jumlisha 8 ni 40. Sasa shuka mistari miwili tu, 22:2, akatawazwa mwanae Ahazia na umri wake ni miaka 42. Yaani baba kazikwa na 40 mtoto anakalia kiti na 42. Na mstari wa juu yake unasema huyo Ahazia ndiye kitinda mimba, kaka zake wote walishauawa na wavamizi, sasa hao kaka zake walikuwa na miaka mingapi jamani?

Nikauliza. Kiongozi akasema hizo ni akili za mwilini, neno halisomwi kwa kikokotoo linasomwa kwa roho, watu wakaitikia amina tukahamia sura nyingine.

Sitaki mjadala wa Biblia kweli au uongo. Ninachouliza, mkristo anaruhusiwa kutumia lojiki akisoma maandiko au kuna sehemu anatakiwa aizime? Na kama anaruhusiwa hii ya Ahazia mnaitatuaje?

Sauti ya Nyikani

Shalom mpendwa. Mithali 3:5, "Mtumaini Bwana kwa moyo wako wote, wala usizitegemee akili zako mwenyewe." Soma na 1 Wakorintho 2:14, mtu wa tabia ya asili hawezi kuyafahamu mambo ya Roho. Nimewaona wengi walianza hivi hivi na vihesabu vidogo vidogo leo hata ibada hawaendi. Funga, omba, Roho atakufunulia. Ubarikiwe.

Mzee wa Hoja

Amfunulie nini mkuu, kwamba 42 ni ndogo kuliko 40? 😂😂

Mtoa mada hapo huhitaji mfungo. Kitabu kimeandikwa na watu, watu wanakosea, mchezo umeisha. Shida yenu mkikuta kosa mnaliita fumbo.

Nuru_ya_Asubuhi

Mtumishi Sauti ya Nyikani, kwa heshima zote, hicho ulichofanya hapo juu ni lojiki. Umesema andiko linakataza kitu fulani, mtoa mada anakifanya, kwa hiyo mtoa mada anakosea. Hiyo ni hoja ina misingi miwili na hitimisho lake. Hata kumwambia mtu asitumie akili inabidi umshawishi akili yake kwanza.

Halafu mwangalie Bwana mwenyewe alivyokuwa anabishana na mafarisayo. Mathayo 12, wanamuuliza ni halali kuponya siku ya sabato? Hakuwaambia aminini tu. Akawauliza, nani kati yenu kondoo wake akitumbukia shimoni siku ya sabato hamtoi? Na mtu ana thamani kuliko kondoo, basi ni halali kutenda mema sabato. Anaanzia kwenye kitu ambacho wao wenyewe wanakikubali na wanakifanya, anapanda kwenye kikubwa zaidi, anawaacha hawana pa kutokea. Na Paulo 1 Wakorintho 15 anajenga ngazi, kama hakuna ufufuo basi Kristo hakufufuka, kama Kristo hakufufuka basi kuhubiri kwetu ni bure na imani yenu ni bure. Anaweka imani yote juu ya "kama" moja na haogopi. Waberoya, wale watu wa mji wa Beroya kwenye Matendo 17, nao walisifiwa kwa kwenda kuchunguza kila siku kama mambo ndivyo yalivyo, na aliyekuwa anachunguzwa ni Paulo, siyo mchungaji wa mtaani.

Hiyo ya Ahazia nimewahi kusikia kwamba 42 siyo umri wake, ni miaka ya ukoo wa Omri mfalme wa Israeli maana mama yake Athalia anatokea huko. Wenye uelewa watusaidie.

mtafiti_mdogo

Asante dada. Hiyo ya Omri nimeisikia pia ni maelezo ya zamani ya marabi ila inanipa shida. Sentensi ya namna hiyo imejaa kwenye vitabu hivi, fulani alikuwa na miaka kadhaa alipoanza kutawala, na kila mahali tunaielewa kuwa ni umri wa mtu. Iweje hapa tu igeuke umri wa ukoo? Inaonekana tumeitafuta kwa sababu tumebanwa.

Katekista mstaafu

Vijana, mimi ni mzee kidogo na naandika polepole kwa kidole kimoja, mnivumilie.

Mtoa mada uko sahihi kuikataa hiyo ya Omri. Jibu liko karibu zaidi. Fungua 2 Wafalme 8:26, habari ile ile, Ahazia yule yule, umri miaka 22. Tafsiri ya kale ya Kisiria nayo hapo kwenye Nyakati ina 22, na kuna nakala za Kigiriki zinasoma 20. Kwa hiyo tuna ushahidi kutoka pande tofauti unaosema ile 42 iliingia kwenye kunakili. Ndiyo maana baadhi ya tafsiri za siku hizi zimeweka 22 na maelezo chini ya ukurasa, Union yetu, ile Biblia ya Kiswahili tuliyoizoea, imebaki na 42 kwa sababu imefuata maandishi ya Kiebrania kama yalivyo.

Hili siyo wazo la wazungu wa juzi wasioamini. Augustino, askofu wa Hippo, ni Algeria ya leo hiyo, mwanzoni mwa karne ya 5 alimwandikia Yeronimo, yule mfasiri wa Biblia kwa Kilatini, kwamba akikuta kwenye maandiko kitu kinachoonekana kupingana na ukweli anafikiria mambo matatu, ama nakala ina kosa, ama mfasiri hakuelewa, ama yeye Augustino ndiye hajaelewa. Zaidi ya miaka 1,600 iliyopita. Kiongozi wako angemsikia sijui angemwambia nini.

Ila kuna kitu kimoja, usikimbilie "nakala ina kosa" kila ukibanwa, hapo utakuwa mvivu kama yule anayesema "ni fumbo". Mithali 26 mstari wa 4 unasema usimjibu mpumbavu sawasawa na upumbavu wake, wa 5 unasema mjibu. Umepangwa mmoja juu ya mwingine makusudi kabisa, hakuna mwandishi aliyesinzia pale. Kila mmoja una sababu yake umeiambatanisha, na wewe ndiye unaachiwa upime leo unamjibu au unanyamaza.

Mzee wa Hoja

Katekista heshima kwako ila umenipa penalti. Ukishakubali namba moja imekosewa kwenye kunakili utajuaje zingine ziko salama? Na usinipe namba nyingine kutoka Biblia hiyo hiyo, hiyo ni kesi ambayo shahidi ni ndugu wa mshtakiwa.

mtafiti_mdogo

Na mimi naongezea kabla hajajibu. Hata tukichukua 22 ngoma bado nzito. Baba kafa na 40, mtoto ana 22, maana yake alizaliwa baba akiwa na 18. Na huyu ni wa mwisho!! Wakubwa zake walizaliwa lini?

Katekista mstaafu

Kijana umepiga hesabu vizuri. Inabana, lakini haivunjiki. Rudi 21:17, inataja wake zake, wengi. Mwana wa mfalme aliyeozwa mapema wake kadhaa anaweza kuwa na watoto wanne watano akiwa na 18, wamepishana miezi tu kila mmoja na mama yake. Kwetu inashangaza, haiwezi kuitwa muhali. Ile ya 42 ni muhali. Hizo mbili usizichanganye, kigumu kuamini na kisichowezekana ni vitu tofauti, na nusu ya ugomvi wa kwenye nyuzi kama hizi unatoka hapo.

Mzee wa Hoja, umetaka shahidi wa nje. Haya. Yehoyakini mfalme wa Yuda, 2 Wafalme 24:8 alianza akiwa na miaka 18, 2 Nyakati 36:9 kwenye Union miaka 8. Akatawala miezi mitatu tu, Nebukadreza akamchukua Babeli mwaka 597 kabla ya Kristo. 2 Wafalme 24:15 inasema alichukuliwa na wake zake, hapo tu ile 8 inaanza kuyumba. Sasa, Wajerumani walichimba Babeli kabla ya vita vya kwanza vya dunia wakatoa vibao vya udongo, daftari za stoo ya mfalme, fulani kapewa mafuta kiasi hiki. Vilichapishwa 1939 na Ernst Weidner. Mmoja wa waliopokea mgao ni Yehoyakini mfalme wa Yuda, pamoja na wanawe watano. Kibao kina tarehe, ni mwaka 592.

Piga hesabu mwenyewe. Kama alichukuliwa na miaka 8, mwaka 592 alikuwa na 13 na watoto wa kiume watano. Kama alichukuliwa na 18, alikuwa na 23. Karani wa Babeli aliyekuwa anagawa mafuta hakuwa anatetea dini ya mtu.

Nuru_ya_Asubuhi

Aisee. Hiyo ya stoo sikuwahi kuisikia, mbona makanisani hatufundishwi hivi vitu?

Sauti ya Nyikani

Historia inaelimisha ila haiokoi mtu.

Katekista mstaafu

Ni kweli Mtumishi, haiokoi. Na mimi sijasema inaokoa.

Mzee wa Hoja

Poa, ya Yehoyakini nimeipokea, nimeenda kuangalia picha za vibao vyenyewe. Sasa achana na namba, hebu njoo kwenye kitu ambacho huwezi kumsingizia aliyenakili. 2 Samweli 24:1 Bwana ndiye anamchochea Daudi ahesabu watu, 1 Nyakati 21:1 anayemchochea ni Shetani. Najua utasema kama kwa Ayubu, Shetani anafanya kwa ruhusa, sawa, nakupa hiyo bure, kimantiki inapita. Shida yangu ni kinachofuata. Daudi ndiye kaamuru sensa, wanakufa kwa tauni watu 70,000 ambao hawakuhesabu hata mbuzi. Weka lojiki yako hapo.

Katekista mstaafu

Umefika penyewe sasa. Kwenye 2 Samweli 24 mstari wa kwanza unasema hasira ya Bwana ilishawaka juu ya Israeli kabla ya hiyo sensa, haisemi kwa nini, na wahubiri wengi wanajaza hapo sababu zao. Mimi sijazi.

Ila swali lako lilishaulizwa na mtu mwingine kabla yako, sura hiyo hiyo mstari wa 17. Daudi anamwona malaika anaua watu, anamwambia Bwana ni mimi niliyekosa, "kondoo hawa wamefanya nini?"

Mzee wa Hoja

Na akajibiwa nini?

Katekista mstaafu

Aliambiwa apande akajenge madhabahu kwenye uwanja wa kupuria wa Arauna Myebusi. Swali lenyewe halikujibiwa.