Sini ya Omar Sharif kutokea mbali jangwani, walishuti vipi bila kompyuta?

mwana_kibokoni: Vipi wazee. Juzi binamu yangu kaleta projekta tukapiga Lawrence of Arabia ukutani pale barazani, sasa kuna ile sini ya kisimani, kidoa cheusi tu mbali huko kinacheza kwenye joto, chaja chaja mpaka kumbe ni Omar Sharif juu ya ngamia. Binamu kashikilia ati ni kompyuta. Muvi ya 1962 kompyuta itoke wapi?? Mwenye kujua atwambie.

fundi_tudor: Hapana kompyuta hapo. Hayo ni mazigazi ya kikweli, waliyafuata Jordan, uwanda wa Jafr, kwenye ardhi ilolala sawa hakuna hata kichuguu. Mpiga picha Freddie Young alipata lenzi ndefu ya milimita 482 kutoka Panavision, kampuni ya kamera na lenzi, na lenzi ndefu hukuvutia cha mbali pamoja na hewa yote ya moto ilo katikati, ndo maana mtu aonekana aelea juu ya maji. Simama barabara ya Mariakani saa saba mchana utizame lori linavyokuja, utaelewa. Sharif akapelekwa mbali huko kisha akaambiwa haya njoo. Halafu John Box, aliyesimamia mandhari, akachora njia nyeupe chini ili jicho lako liende pale pale bila wewe kujua, hiyo mimi naihisabu ufundi kuliko hata lenzi. Na negativu, yaani ule ukanda wa filamu ndani ya kamera, ilikuwa pana ya milimita 65, kwa filamu ya kawaida kile kidoa ungekikosa.

bintiBondeni: Mimi nilokuwa nikiwaza ni mchanga jamani. Ngamia wote wale wakishapita, ukitaka kurudia sini nyayo zimejaa, ilibidi zifagiwe ama wahamie pahali pengine. Na David Lean, mwelekezaji wa muvi, hakuwa na haraka kabisa, huku tajiri mwenye kuitengeneza, Sam Spiegel, alia na gharama, mwisho wakahamishiwa Uhispania. Ile Aqaba munayoiona, mji wa bandari unaovamiwa kwenye muvi, si Aqaba, ni mji wa maonyesho uliojengwa Carboneras, upande wa Almería, kwenye mto mkavu. Treni ililipuliwa mkoa huo huo, na Cairo ni Seville 😂

mzee_wa_baraza: Mfalme Hussein wa Jordan aliwasaidia sana, wanajeshi wake wengi wamo mule. Lakini tizameni waliopewa maneno ya kusema, Faisal, mwanamfalme wa Kiarabu, ni Alec Guinness, Mwingereza kapakwa rangi, Auda, mkuu wa kabila la Mabedui, ni Anthony Quinn mzaliwa wa Mexico na pua ya bandia. Sharif angalau Mmisri. Na mwanamke hata mmoja hasemi neno, muvi ya saa tatu na nusu na zaidi! Picha nzuri nakubali, ila kisa chenyewe ni cha Mngereza kujitizama.

mwana_kibokoni: Shukran sana ami. Binamu nishamtumia, tiki mbili za bluu, kimya 😂 Na je Peter O'Toole, yule aliyeigiza Lawrence, ngamia alipanda mwenyewe ama ni stanti?

fundi_tudor: Alifunzwa, na akachubuka vibaya mpaka akanunua sponji akaitia juu ya tandiko. Mabedui wakamcheka, wakampa jina Baba wa Sponji, halafu baadae na wao wakazitaka. Sini ya kuvamia Aqaba yasemekana alianguka mbele ya farasi wote wale wanakuja mbio, ngamia wake akamsimamia juu hakukanyagwa.