Kompyuta ya Windows XP kwenye mtandao wa nyumbani: USB, waya wa umeme au kebo?

Mkata Stika
Habari zenu wakuu. Nina kompyuta ya mezani ya mwaka 2004, Windows XP. Siwezi kuiacha: plota ya kukatia stika inaingia kwenye tundu la COM, na programu yake inagoma kwenye Windows mpya. Kazi za wateja zinakuja kwenye simu, nazihamisha kwa flashi, na flashi zimeniletea virusi mara mbili mwezi huu. Rauta iko sebuleni, kibanda kiko getini, mita 25, kuta mbili katikati. Ninunue nini?

Fundi wa Tabata
Vidude vya Wi-Fi vya USB vya siku hizi vingi havina draiva (programu ya kukiendesha kifaa) ya XP. Ukipata cha zamani, hakikisha una Service Pack 3, kifurushi cha masasisho ya XP, ndiyo inayokuja na WPA2, ulinzi wa nywila ya Wi-Fi. Usije ukashusha ulinzi wa Wi-Fi ya nyumba nzima kwa ajili ya kompyuta moja.

Mama Ilham
Natumia adapta za waya wa umeme, zinazopitisha mtandao kwenye nyaya za umeme za nyumba, mwaka wa tatu sasa, nazipenda. Moja unachomeka karibu na rauta, nyingine kwenye kompyuta, na kompyuta inaona kebo ya kawaida tu. Chomeka ukutani moja kwa moja, maana ekstensheni yenye kinga huchuja ishara. Boksi limeandikwa Mbps 200, mimi napata kama 30. Kibanda kina LUKU yake?

Mkata Stika
Ndiyo dada, mita yake peke yake.

Mama Ilham
Basi azima kwanza ujaribu. Kwa mdogo wangu mita mbili ziko fezi tofauti, adapta hazikuonana kabisa.

Mtu wa Bukoba
Kebo ya mtandao inafika mita 100 bila shida, ila inapotoka jengo moja kwenda jingine mimi naogopa radi. Kwetu ilipiga karibu na uwanja, ikaondoka na rauta pamoja na tundu la mtandao la kompyuta. Bodi ya 2004 utaipata wapi?

Tafuta rauta ndogo yenye hali ya Client, kama TP-Link TL-WR802N. Inakula volti 5, chaja ya simu inaitosha. Inadaka Wi-Fi ya nyumbani, inaitoa kwa kebo fupi. WPA2 inaishughulikia yenyewe, XP haihusiki, na draiva huhitaji. Iweke dirisha linalotazama nyumba.

Fundi wa Tabata
Wazo hili limeshinda langu, fuata hilo. Ila usivinjari na XP. Microsoft waliiacha tarehe 8 Aprili 2014, na tovuti nyingi hazitafunguka hata ukitaka. Wewe unahitaji mafaili tu. Weka programu ya seva ya FTP, njia ya kuhamisha mafaili kwa mtandao, kwenye simu ya Android, kisha andika anwani yake kwenye dirisha la mafaili la XP. Ukimaliza, izime hiyo seva.

Mkata Stika
Nimerudi. Nimenunua ile ndogo, nimetumia kebo ya mita 2. Leo nimekata stika za daladala bila kugusa flashi, Mungu awabariki. Umeme ukikatika na kurudi, niipange upya?

Mtu wa Bukoba
Hapana mkuu, mipangilio inabaki. Rauta kubwa inachelewa kuwaka, ipe dakika mbili itaidaka yenyewe.