Picha za albamu ndani ya mchoro, mtindo wa Akunyili Crosby: asetoni inatusumbua

rangi_ya_ziwa (Kisumu)
Wadau, salamu. Kikundi chetu kinaandaa michoro kuhusu familia zenye watu waliohamia ng'ambo, na tumemchukua Njideka Akunyili Crosby kuwa mfano: mchoraji mzaliwa wa Enugu, Nigeria, 1983, akahamia Marekani 1999, sasa anafanyia kazi Los Angeles. Tunachotaka ni ile mbinu yake ya kujaza kuta, sakafu na nguo za watu kwa picha nyingi zilizofifia. Za kwetu zinatoka kwenye albamu, leso na programu za mazishi. Tukihamisha nakala zake kwenye karatasi ya kuchorea kwa asetoni (kile kiyeyusho kikali), nyingine zinatoka hafifu, nyingine zinatapakaa, na za rangi hazitoki kabisa. Karatasi ni manila. Tatizo ni nini? Na picha zitangulie au rangi itangulie?

fundi_karatasi
Anzeni na printa. Asetoni inalainisha tona, ule unga wa plastiki wa mashine za fotokopi na printa za leza. Wino wa maji wa printa ndogo hauhami kwa asetoni hata mkisugua mpaka jioni, na nadhani za rangi zimekwamia hapo. Jaribuni kwa pamba yenye asetoni kwenye pembe ya ukurasa: rangi ikivunjika na kubaki kwenye pamba, hiyo ni tona.

Picha halisi zisiguswe na asetoni. Pigeni skani kwa 300 dpi (nukta kwa inchi). Kama mtaikuza mara mbili, 600. Geuzeni picha kulia-kushoto kabla ya kuchapa, la sivyo maandishi ya programu yatasomeka kinyume. Chapeni kwa weusi mwingi kwenye karatasi ya kawaida ya gramu 80. Inayong'aa hapana, utando wake unang'ang'ania.

Kisha lazeni picha kifudifudi, mbandike tepu upande mmoja tu ili muweze kufunua na kuchungulia. Kitambaa cha pamba kiwe na asetoni lakini kisidondoshe. Lowesheni sehemu ya upana wa kiganja mpaka picha ionekane kwa nyuma, halafu sugueni papo hapo kwa mgongo wa kijiko cha chuma, mkikandamiza kweli. Asetoni inakauka kwa sekunde chache, na kwa joto la Kisumu saa saba mchana ni haraka zaidi, kwa hiyo fanyeni asubuhi. Funueni kabla haijakauka kabisa, maana ikikauka karatasi mbili zinashikana na kuchanika.

Kutapakaa ni asetoni kuzidi. Uhafifu ni mkono mwepesi, fotokopi iliyopauka, au sehemu iliyokauka kabla ya kijiko kufika. Dawa ya kutolea rangi ya kucha msiitumie, nyingi zina maji na mafuta. Ulizeni asetoni yenyewe kwa wanaopaka magari rangi.

Na tafadhali: madirisha wazi, hakuna jiko wala sigara karibu, kwa sababu mvuke wake unashika moto kwa urahisi mno. Mimineni kwenye chupa ya kioo. Vikombe vya plastiki nyepesi vinayeyuka. Glavu nyembamba zinapitisha asetoni baada ya muda mfupi, zibadilisheni mara kwa mara. Vitambaa vianikwe nje vikauke kabla ya kutupwa.

kalamu_nakuru
Swali la mpangilio: asetoni kwanza, rangi ya akriliki baadaye. Akriliki ni plastiki pia, na hata ikikauka asetoni inailainisha, mtabandua rangi pamoja na picha.

Mkilazimika kuweka picha juu ya rangi, tumieni gundi nyeupe ya mbao au, bora zaidi, midiamu ya akriliki (akriliki isiyotiwa rangi). Pakeni utando mmoja sawasawa, lazeni picha ya tona kifudifudi, toeni hewa kwa kadi ngumu kutoka katikati kwenda pembeni, mwache usiku kucha. Kesho yake loweka mgongo kwa sponji, sugua kwa ncha za vidole mpaka karatasi itoke kama uji. Ikikauka utaona ukungu mweupe. Rudia kusugua, kisha pitisha midiamu nyembamba. Gundi ya mbao inalainika ikilowa, kwa hiyo maji kidogo. Njia hii inaacha mng'ao wa plastiki, ndiyo maana kwangu asetoni ni nzuri zaidi: picha inazama ndani ya karatasi.

mama_brashi
Mbinu mmeshapewa. Mimi naona hatari ni kumwaga picha kila mahali. Kwa Akunyili Crosby picha zinakaa ndani ya umbo, huu ukuta, lile gauni, na pembeni yake kuna eneo kubwa la rangi tupu ambapo jicho linapumzika. Hilo eneo tupu ndilo linalofanya picha zisomeke kama kumbukumbu, si kama ukuta wa matangazo. Kateni fotokopi kwa umbo la ukuta au nguo kabla ya kuhamisha, wala hamtahitaji kuziba kingo.

Manila pia iacheni, inageuka njano na kupinda. Chukueni karatasi ya rangi za maji, laini, ya gramu 300. Msidanganywe na lubugo, kitambaa cha gome la mti, kwa kuwa mchoraji Michael Armitage anaitumia: yeye anachorea rangi za mafuta, na uso wa lubugo wenye nyuzi utashika tona kwenye vilima tu.

rangi_ya_ziwa (Kisumu)
Asanteni sana. Na leso? Tubandike kitambaa chenyewe?

mama_brashi
Mnaweza, lakini kitambaa kikubwa kinavuta karatasi, itabidi karatasi ibandikwe kwanza kwenye ubao. Rahisi zaidi ni kulaza leso juu ya kioo cha mashine ya fotokopi, imenyooshwa pasi, na kuhamisha nakala yake kwa asetoni kama picha nyingine. Msisahau kuomba nakala iliyogeuzwa, jina la leso lisisomeke kinyume. Mkiamua kitambaa, osheni wanga utoke, kisha kandamizeni kitambaa cheupe kilicholowa juu ya sehemu nyekundu. Ikichuja, gundi nayo itaichujisha.