Mwana wa mfalme aliyerudi kumchukua dada yake: alikosea?

Nahodha wa Kiyindi:

Habari zenu wapenzi wa historia. Mimi ni nahodha wa mashua ya abiria, Kiyindi kwenda kisiwa cha Buvuma, Ziwa Victoria upande wa Uganda, huu mwaka wa 14. Wiki iliyopita nilimbeba mwanafunzi mmoja, na njia nzima akanisimulia habari za William Adelin, mwana wa Mfalme Henry wa Kwanza wa Uingereza. Tangu siku hiyo usingizi wangu si mzuri.

Nilivyoelewa ni hivi. Usiku wa Novemba 25, 1120, kijana wa miaka 17 alipanda chombo kinachoitwa Merikebu Nyeupe pale Barfleur, pwani ya Normandy, Ufaransa, kwenda Uingereza. Baba yake alikuwa ametangulia kwa chombo kingine. Kijana akawapa wapiga makasia 50 divai, wakanywa mpaka wakalewa. Makasisi waliokuja na maji ya baraka wakafukuzwa kwa vicheko. Wakaondoka gizani, makasia yakipigwa kwa nguvu, maana walitaka kumpita mfalme. Hawakufika mbali. Ubavu wa kushoto ukagonga mwamba, maji yakaingia.

Sasa hapa ndipo penye swali langu. Kijana alitiwa kwenye mashua ndogo, na alikuwa ameshaanza kuondoka salama. Akasikia dada yake analia kutoka kwenye merikebu, akaamuru wageuze. Waliokuwa majini wakaiparamia ile mashua, ikazama na wote waliokuwemo.

Niwaeleze kwa nini nauliza. Miaka 8 iliyopita, jua limeshazama, nilikuwa narudi mtupu kutoka kisiwani nikakuta mashua imepinduka. Watu kama 10 majini, mimi peke yangu. Mmoja wao alikuwa mtoto wa shangazi yangu. Kwetu huyo ni dada, na tulilelewa nyumba moja. Aliniita kwa jina langu la utotoni. Sikuwasogelea. Nilisimama mbali, kama mita 15, nikazima injini, nikawa natupa majerikeni matupu, yale ya njano ya lita 20, yamefungwa kamba. Aliyeshika namvuta, namtoa kwa upande wa tezi, yaani nyuma ya mashua, natupa tena. Niliwatoa 6. Dada hakuwemo.

Shangazi hajanisemesha mpaka leo. Basi wenye elimu niambieni: yule kijana alikosea kurudi?

Mwalimu Mbale:

Pole sana, ndugu yangu. Mimi nafundisha historia, nitakupa ninayoyajua.

Dada huyo aliitwa Matilda, mke wa mtawala wa Perche, jimbo la Ufaransa. Alikuwa binti wa mfalme nje ya ndoa. Henry alikuwa na watoto wa namna hiyo zaidi ya 20, lakini wa ndoa waliokua walikuwa wawili tu: William, na dada yake mwingine, naye pia Matilda. Kwa hiyo aliyekuwa ndani ya ile mashua ndogo alikuwa ndiye mrithi pekee wa kiume. Waliomtia humo walilijua hilo, ndiyo maana walimwondoa yeye kwanza. Hapa Uganda, katika ufalme wa Buganda, kwa desturi mzaliwa wa kwanza, Kiweewa, harithi kiti, na wana wa mfalme huwa wengi wa kuchaguliwa. Henry hakuwa na wa kuchagua.

Habari ya kurudi tunaipata kwa mtawa William wa Malmesbury, aliyeandika miaka michache tu baada ya ajali. Mtawa mwingine wa wakati huo, Orderic Vitalis, haisemi. Yeye anasimulia habari za nahodha. Nahodha aliitwa Thomas, na baba yake ndiye aliyemvusha babu yake huyo kijana kwenda kuiteka Uingereza mwaka 1066. Orderic anasema Thomas aliibuka juu ya maji, akawaona watu wawili wameshikilia mti wa tanga, akawauliza mwana wa mfalme yuko wapi. Wakamjibu amekufa. Akasema basi hana sababu ya kuishi, akajiachia.

Katika wale wawili, mmoja alikuwa kijana wa kikabaila, Geoffrey, baridi ikamshinda akaachia. Aliyebaki ni Berold, mchinja nyama wa Rouen, mtu maskini kuliko wote mle. Alivaa ngozi za kondoo, na hizo zikamhifadhia joto mpaka wavuvi walipomwokota asubuhi. Katika watu kama 300, ni yeye tu.

Sehemu inayoniuma zaidi ni ya baadaye. Mfalme alifika Uingereza, akangoja. Wakuu walishapata habari, wanalia pembeni, lakini siku nzima hakuna aliyethubutu kumwambia. Mwisho wakamsukuma mtoto mdogo, akaanguka miguuni pa mfalme akilia, ndiye aliyesema. Mfalme akaanguka chini.

Mwaka uliofuata Henry alioa tena, hakupata mtoto. Akawaapisha wakuu wamkubali binti yake Matilda, lakini alipokufa mwaka 1135 mpwa wake Stephen akakiwahi kiti, na vita vikaendelea karibu miaka 20. Huyo Stephen alikuwa ameshapanda Merikebu Nyeupe usiku ule, akashuka kabla haijaondoka.

Mama Samaki, Ggaba:

Nahodha, mimi nauza samaki hapa mwaloni, sikusoma sana. Lakini Novemba 24, 2018, ile mashua ya starehe ilipozama upande wa Mukono, watu zaidi ya 30 wakafa, nilikuwepo hapa Ggaba siku zilizofuata. Mle ndani nako kulikuwa na muziki na pombe, na ndugu yake Kabaka, mfalme wa Buganda, alikuwemo, Mungu akamnusuru. Wavuvi walikimbia kuokoa. Watu wakairukia mitumbwi yao kwa pamoja, mitumbwi nayo ikazama.

Wale wavuvi hawakukosea kwenda. Na wewe hukukosea kusimama. Shangazi yako ana uchungu wa mama, huo hauna hesabu ya watu 6.

Afande Mstaafu:

Nimefanya doria ziwani miaka mingi. Nitajibu swali la mashua peke yake.

Kurudi si kosa. Kosa ni kuingia katikati ya watu. Mfa maji haachi kutapatapa, hata mama yako mzazi atakuzamisha akikushika shingo. Mashua ndogo ikishikwa na watu watano upande mmoja imekwisha, haijalishi nani yumo. Unakaa kando, unazima injini ili panga la injini lisimkate mtu, unatupa kitu kinachoelea, unampandisha mmoja mmoja kwa tezi kwa sababu huko mashua haipinduki kirahisi. Ulivyofanya ndivyo tulivyofundishwa, na wewe hukufundishwa na mtu.

Yule kijana alikuwa na miaka 17, usiku, na waliomzunguka walimtii. Hakukuwa na mtu mzima wa kumwambia, "Bwana mdogo, tusimame hapa, tutupe kamba."

Nahodha wa Kiyindi:

Asanteni sana. Afande, maneno yako nimeyasoma mara tatu. Mama Samaki, Mungu akubariki.

Mwalimu, mimi nimekwama kwa yule mtoto aliyesukumwa kwa mfalme. Kuna jambo sikuliandika hapo juu. Usiku ule nilipofika nchi kavu sikwenda kwa shangazi. Miguu ilikataa. Nilikaa kwenye mchanga na majerikeni yangu, nikamtuma mwanangu wa kwanza aende akaseme. Alikuwa na miaka 9. Aliniuliza aseme nini, nikamwambia, "Mwambie tu dada hajarudi." Alirudi peke yake, hakulia, akalala na viatu vyake miguuni.

Miaka yote nimefikiri shangazi ananichukia kwa sababu sikusogea. Leo ndiyo nawaza kwamba huenda alikuwa ananingojea mimi mlangoni, akaletewa mtoto.

Mwanangu sasa ana miaka 17. Nimemwambia Jumamosi sibebi abiria, tunavuka sisi wawili kwenda kwa shangazi. Ameniuliza, "Safari hii nani ataongea?" Nimemwambia mimi.