Jengo la diko linaliwa na bahari: kampeni ya kuliokoa tuianzie wapi?

Tezi_na_Omo:
Wakuu, naomba ushauri. Jengo la diko letu, yaani mahali pa ufuoni tunapopandisha mashua na kunadi samaki, lina vyumba vitatu: stoo ya injini na nyavu, chumba cha barafu na ofisi ya mnada. Ukuta wa upande wa bahari uko mita 11 kutoka ukingo wa ngema ya mchanga, yaani ule mteremko mkali unaotazama bahari. Mwaka jana zilikuwa 12 na nusu. Kamati inataka kuchangisha haraka ijenge ukuta wa zege. Kabla daftari la michango halijaanza kuzunguka, tuwe na nini mkononi? Na huo ukuta ni wazo zuri?

Maji_Mafu:
Daftari la michango lisubiri, anzeni na daftari la vipimo. Simikeni nguzo nne nyuma ya jengo, sambamba na ufuo, kila moja mita 20 kutoka mwenzake, za mwisho zipite jengo pande zote mbili. Nyuma ya kila nguzo wekeni ya pili, ili mbili hizo zikuongoze kupima kwenye mstari uleule siku zote. Kila bamvua, yaani maji makuu yanayokuja mara mbili kwa mwezi, vuteni futi kamba kutoka nguzo hadi ukingo wa ngema. Baada ya dhoruba pimeni tena kesho yake. Tarehe, saa, jina la aliyepima.

Kwa miaka ya nyuma, fungueni picha za zamani za Google Earth mfuate mstari wa mimea. Mstari wa maji unadanganya, unahama kila saa. Picha za setilaiti za Landsat nazo ni bure, ila nukta moja ni mita 30, hivyo hazioni mita moja na nusu yenu.

Halafu pigeni hesabu ya umbali wa hatari. Tuseme ufuo unarudi mita 1.5 kwa mwaka, na vibali pamoja na kazi vinachukua miaka 2: hizo ni mita 3. Ongeza kipande kikubwa kinachoweza kuondoka kwa dhoruba moja, tuseme 2.5, na nafasi ya mashine kupita, 3. Jumla 8.5. Mnazo 11, kwa hiyo mmebakiwa na mita 2.5, sawa na miezi 20 kabla ya kulazimika kuanza kufuatilia vibali. Miezi hiyo 20 ndiyo ya kuandika juu kabisa ya barua yenu.

Nanga_Mbili:
Ukuta wa zege uliosimama wima juu ya mchanga, mimi nisingeuchangia. Wimbi likiugonga linarudi chini na nguvu zake, linachimba mchanga miguuni pake, msingi unabaki hewani na ukuta unalala kifudifudi. Maji ya mvua yaliyonaswa nyuma yakikosa matundu ya kutokea, nayo yanausukuma. Na pale unapoishia mmomonyoko huzidi: bahari inazunguka ncha na kuingia kwa nyuma, jirani akiwa wa kwanza kulia.

Ikibidi kukinga, afadhali mteremko wa mawe makubwa, mita 1 ya kupanda kwa mita 2 za mlalo, tabaka mbili. Chini yake mawe madogo, na chini kabisa kitambaa cha jiotekstaili kinachopitisha maji na kuzuia mchanga. Wengi huruka kitambaa kuokoa fedha, mchanga unanyonywa kati ya mawe na mteremko unazama. Mguu uzikwe chini ya kiwango ambacho mchanga hushuka msimu wa mawimbi makali. Uzito wa jiwe aukokotoe mhandisi, maana kimo cha wimbi kikiwa mara mbili, uzito unaohitajika huwa mara nane.

Gabioni, yaani vikapu vya waya vilivyojazwa mawe, zinafaa pasipopigwa sana. Waya uwe wa zinki wenye ganda la plastiki, na mawe yawe makubwa kuliko matundu: tundu la milimita 80 kwa 100 linataka mawe ya 100 hadi 200. Ganda likikwanguliwa na mchanga, chumvi inamaliza waya. Viroba vya kawaida vya plastiki vyenye mchanga ni vya dharura tu, jua linavila.

Tezi_na_Omo:
Kumbe. Kuna waliopendekeza tupande mikoko mbele ya jengo.

Maji_Mafu:
Ufuo wazi wa mchanga unaopigwa na mawimbi si mahali pake, miche itang'oka. Mikoko inataka tope na maji tulivu. Juu ya ngema zuieni watu na mifugo wasikanyage mimea itambaayo, na simamisheni uchotaji wa mchanga. Hili la mwisho lina ugomvi wake, lakini bila hilo mawe yote ni bure.

Kigingi_cha_Nyuma:
Mnaokoa jengo au huduma? Mnada na kupandisha mashua vinahitaji ufuo. Stoo na barafu vinaweza kukaa mita 60 nyuma. Mnara wa taa wa Cape Hatteras huko Marekani, wenye uzito wa tani zaidi ya 4,000, ulisogezwa takriban mita 880 mwaka 1999. Rubjerg Knude wa Denmark ulisogezwa mita 70 mwaka 2019. Vyumba vitatu vya matofali havibebwi hivyo, vinajengwa upya, ila hoja ni ileile. Linganisheni gharama za njia zote mbili, matengenezo ya miaka 20 yakiwemo, kisha mchague ombi moja.

Barua iende kwa mwenye mamlaka ya kutoa kibali na nakala kwa mwenye ardhi, ikiwa na vipimo, picha, idadi ya mashua zinazotumia diko na tarehe mnayotaka jibu. Saini bila jina linalosomeka haihesabiwi. Akaunti iwe na watia saini watatu, na kabla ya shilingi ya kwanza andikeni fedha zitakwenda wapi lengo lisipofikiwa.

Wiki hii hii, angalieni maji ya paa yanamwagika wapi. Yakianguka juu ya ngema, mvua moja kubwa inachimba korongo ambalo bahari italimalizia. Yaelekezeni nyuma kwa bomba.