Wakuu, kuna mtu anatembeza watu kwenye maduka ya vitabu hapa Dar?

binti_kigogo:
Wakuu habari zenu. Mwezi ujao nina wageni wanatoka Nairobi, wote wagonjwa wa vitabu, wameshaniambia kabisa hawataki bichi wala Mlimani City, wanataka kuzungushwa kwa miguu kwenye maduka ya vitabu yale ya watu binafsi na awepo mtu anayejua mambo awaelezee. Je kuna anayefanya hiyo kazi hapa mjini? Na maduka yenyewe yapo kweli? Maana mimi kila nikiingia dukani nakuta madaftari na rula. Natanguliza shukrani.

Kondakta Mstaafu:
Dada Dar hamna maduka ya vitabu, kuna steshenari zenye rafu moja ya vitabu vya form four. Wapeleke Feri wakale samaki.

Mzee wa Kurasa:
Kondakta acha hizo. Binti, yapo ila sio mengi, na hayajapangana mtaa mmoja, kwahiyo ukitaka ya kutembea kwa miguu baki Posta tu, katikati ya mji.

Anzia TPH pale barabara ya Samora. Hilo sio duka tu, Tanzania Publishing House ilianzishwa 1966, na Walter Bgoya aliiongoza kuanzia 1972 mpaka 1990, ndio hao waliotoa kitabu cha Walter Rodney kuhusu Ulaya ilivyoidumaza Afrika, mwaka huohuo wa 72, Rodney mwenyewe akiwa anafundisha pale Chuo Kikuu, Mlimani. 1991 Bgoya akaanzisha Mkuki na Nyota. Sasa wageni wako wakisimama mbele ya zile rafu wakielezwa hayo, hawatauliza tena habari ya rula. Mwambie muuzaji awatolee vya Kiswahili, riwaya na mashairi, maana wa Nairobi wengi vya kwetu hawavipati kirahisi.

Kuhusu mtu wa kuwatembeza, maalum kwa vitabu sijamuona. Ila pale Old Boma, Sokoine Drive, kuna DARCH, kituo cha urithi wa majengo, hao wanatembeza watu kuangalia majengo ya zamani ya katikati ya mji. Boma lenyewe ni la enzi za Sultani Majid wa Zanzibar, miaka ya 1860. Waulize kama wanaweza kupitisha msafara Samora. Angalizo, mtu wa majengo atakuelezea madirisha na balcony vizuri sana halafu mkifika kwenye vitabu ananyamaza, kwahiyo hapo mbebe mtu wenu anayesoma.

Mwl wa Temeke:
Naongezea. Msisahau wauza vitabu vya mitumba wa Posta, kwangu mimi ndio utamu wenyewe. Tangu machinga waondolewe barabarani 2021 hawako walivyokuwa zamani, inabidi kuulizia. Lakini ukimpata anayejua mali yake unamtajia tu mwandishi, anainama chini ya meza anachomoa kitabu kina muhuri wa maktaba ya shule fulani ya miaka ya sabini, karatasi zimekuwa rangi ya chai. Bei mnaelewana. Ila vile vipya vya kutafuta utajiri vingi ni kopi, fungua katikati uvute kidogo, gundi ikiachia weka chini.

Halafu malizieni Maktaba Kuu, barabara ya Bibi Titi. Sio duka najua, ila ilifunguliwa na Nyerere tarehe 9 Desemba 1967 na kuna kivuli cha kupumzika, jua la saa saba mnalijua.

binti_kigogo:
Asanteni sana kaka zangu, mwalimu umenifurahisha na hiyo ya gundi 😂 Na Soma Book Café je? Naisikiaga sana.

Mzee wa Kurasa:
Ile ipo Mikocheni, kwa miguu toka Posta utawaua wageni. Ifanye siku nyingine, jioni, wana vitabu na mahali pa kukaa mkaongea, mara nyingine kuna usomaji wa mashairi, cheki ratiba yao kabla hamjapanda gari. Na Posta nenda jumamosi asubuhi, sio mchana, maduka mengi ya mjini yanafunga mapema, jumapili ndio kabisa utapiga picha na makufuli. Msijaze vituo kumi, vitatu vinatosha, mtu wa vitabu ukimharakisha anakasirika.

Kondakta Mstaafu:
Sawa nimeshindwa. Ila Feri si hapohapo karibu, samaki wabaki kwenye ratiba.