Mhariri wa leo ana haki ya kutupa mashairi ya diwani ya kale?

Wakuu, naleta mada. Karne ya 6, kule Karthago, Afrika Kaskazini, enzi ya utawala wa Wavandali, inaelekea kuna mtu alikusanya diwani kubwa ya mashairi ya Kilatini. Iliyotufikia ni nakala ya yapata mwaka 800, haina kurasa za mwanzo, sasa iko Paris. Inaitwa Codex Salmasianus. Mwaka 1982 mhariri Shackleton Bailey akaichapa upya, lakini mashairi 12 ya viraka akayaacha nje, akiyaona aibu kwa fasihi. Haya hutungwa kwa kunyofoa vipande vya mistari ya Virgil, mshairi mkuu wa Roma, na kuvishona upya hadi kisa kipya kitoke.

Kwangu huo ni uharibifu. Diwani imepangwa kwa aina: viraka mahali pamoja, vitendawili 100 vya Symphosius mahali pamoja, kila kimoja mistari mitatu. Cha nanga kinasema ina ncha mbili, inapigana na upepo na vilindi, hata inaing'ata ardhi. Kisha kinafuata kitabu cha Luxorius, mshairi wa Karthago. Sasa Luxorius huyohuyo alimtungia Fridus shairi la harusi, lote viraka vya Virgil! Mashairi yake mafupi yamebaki, harusi imetupwa nje. Na Medea, tamthilia nzima ya viraka ya Hosidius Geta, ilishatajwa na Tertullian, mwandishi Mkristo wa Karthago, yapata mwaka 200. Watu wa zama zile hawakuiona takataka.

Mchangiaji: Mkuu, punguza jazba. Hajachoma kitu. Mhariri wa kabla yake, Riese, aliyachapa 1869, akarudia 1894. Anayeyataka akayasome huko. Halafu huo mpangilio unaoutetea ni wa nani? Kati ya Luxorius na nakala hiyo kuna zaidi ya miaka 250. Mnakili huko Italia angeweza kuchanganya diwani tatu nne akazifanya moja, nasi tukamsifia mkusanyaji wa Karthago kwa kazi isiyo yake.

Mleta mada: Tuseme ni kazi ya mnakili. Basi tuchape ya mnakili, maana ndiyo tuliyo nayo. Ya Shackleton Bailey haikuwahi kusomwa na mtu yeyote kabla ya 1982. Na hilo la "akasome huko" linasumbua kuliko unavyodhani, maana namba nazo zimesogea: vitendawili vya Symphosius kwa Riese ni namba 286, kwa Shackleton Bailey ni 281. Ukitaja shairi siku hizi inabidi uandike namba mbili.